Mshenga wa michikichi na poda iliyonukia shamari

Saa moja asubuhi, umande haujakauka kwenye nyavu za banda la utafiti, na mwanamke mwembamba anasimama nje ya mlango wa banda akivua vitu vyake kimoja kimoja. Anavua viatu. Anavua khanga. Anavua hata hereni, anazitumbukiza ndani ya kiatu cha kushoto. Kisha anaingia kwenye chumba kidogo cha katikati, anavaa ovaroli nyeupe na kofia inayobana nywele zote, anafunga mlango wa nyuma yake, anautikisa kuhakikisha umefunga, ndipo anafungua wa mbele.

"Milango hii miwili haifunguliwi kwa pamoja," anamwambia mwandishi, ambaye naye amebanwa ndani ya ovaroli isiyomtosha. "Ukisahau, msimamizi anakusema wewe na ukoo wako."

Ndani ya banda kuna michikichi. Mtu aliyezoea michikichi ile mirefu, inayopandwa kwa ngazi na dua, atadhani amekosea mlango. Hii inaishia kiunoni, na tayari ina maua.

Mwanamke anapiga magoti mbele ya mti wa kwanza na kusogeza makuti yenye miiba. Mikono yake ina makovu madogo madogo mpaka kwenye viwiko. Ua jike limechomoza katikati, bado liko ndani ya ganda lake. Analisafisha kwa brashi, analipulizia dawa ya wadudu, analivika mfuko mgumu mweupe wenye kidirisha cha plastiki, kisha anazungushia pamba kwenye shingo ya mfuko na kuikaza kwa mpira.

Mpira unamponyoka. Anajaribu tena, unamponyoka tena.

"Mikono hii," anasema, akiitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Zamani nilikuwa nafunga huku napiga soga."

Zamani anayoisema si ya mbali. Ni kabla ya kopo la poda.

Hapa kwenye kituo cha utafiti wa michikichi wanamwita Mshenga, kwa sababu kazi yake ni kuchukua chavua ya ua dume na kuipeleka kwa ua jike, kwa siri, kwa adabu na kwa wakati wake. Ni kibarua wa kutwa. Siku asiyofika halipwi, hata kama ameanguka kwenye ngazi, na ameanguka.

"Ameozesha maua yasiyo na idadi, mahari hajaonja hata moja," anatania mfanyakazi mwenzake, Baba Ngazi, ambaye kazi yake ni kupanda michikichi mirefu ya shamba la nje.

Kwa kawaida utani huo humchekesha Mshenga hadi akashika mbavu. Leo anacheka kwa mdomo tu.

Mchikichi mmoja hutoa maua dume na maua jike, lakini kwa zamu, na mara nyingi jike la mti huo likiwa tayari, dume halipo. Huko nje kazi ya kuwakutanisha hufanywa na wadudu wadogo weusi, jamaa wa fukusi wanaotoboa mahindi. Ua likiiva hutoa harufu, wadudu wakaja mbio.

Harufu yenyewe ni ya shamari. Mwandishi alipewa ua anuse, na kwa kitambo alidhani yuko duka la viungo.

Ndani ya banda wadudu hawaruhusiwi, hivyo Mshenga ndiye mdudu. Chavua hukaushwa, hukorogwa na poda nyeupe, ile ile ya kupaka watoto, ili isigandane na itoshe maua mengi. Mchanganyiko huo hutiwa kwenye kichupa cha plastiki chenye mrija. Mshenga huchungulia kupitia kidirisha cha mfuko, akiona ua limekuwa tayari hutoboa tundu dogo, huingiza mrija, huminya kichupa mara moja, kisha huliziba tundu kwa utepe.

"Ukiminya kwa pupa, chavua inaganda sehemu moja," anasema. "Unaminya kama unampuliza mtoto jichoni."

Miti ya banda hili imebadilishwa vinasaba. Anayeongoza utafiti ni daktari wa mimea, mwanamke wa rika la mtoto wa kwanza wa Mshenga, ambaye kila asubuhi humsalimia "shikamoo mama" kabla hajamwagiza chochote.

"Mchikichi wa kawaida unakuweka miaka kabla haujakuonyesha ua," anaeleza Daktari. "Ukitaka kuzalisha aina bora, kizazi baada ya kizazi, utastaafu hujafika popote. Sisi tumegusa sehemu inayouambia mti lini uchanue, na uchanue jike au dume. Hii yetu inachanua ingali michanga, na karibu maua yote ni majike, kwa kuwa jike ndilo linalozaa tunda."

Na ikitoka nje ya nyavu?

Daktari anavua miwani, anaifuta, anairudisha. "Mti unaochanua mapema hivi huenda ukachoka mapema. Na eneo lisilo na maua dume ya kutosha halizai. Nasema huenda. Bado hatujui, na ndiyo maana kuna milango miwili."

Madume machache yanayotokea ndani ya banda hulindwa kama mboni ya jicho, maana chavua yao ndiyo inayobeba sifa hizo kwenda kizazi kinachofuata. Kopo lolote lenye mchanganyiko wa chavua hiyo hufungwa utepe mwekundu na kurudishwa maabara.

Makopo ya poda safi hayana utepe. Msimu ukiisha, yanayobaki hugawiwa wafanyakazi wenye watoto wachanga nyumbani. Ni mazoea ya siku nyingi, na hakuna aliyewahi kuyaona kuwa na ubaya. Wanaiita poda ya wajukuu.

Msimu uliopita, kazi ya kuyatenga makopo ilikuwa ya Mshenga.

"Nilitenga mwenyewe, kwa mikono yangu," anasema. "Sina wa kumsingizia."

Alichukua kopo moja lisilo na utepe, akalitia kwenye mkoba, akaenda nalo nyumbani kwa mjukuu wake.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili na jiko la pembeni, barabara ya vumbi mbele, na nyuma ya jiko mchikichi mmoja mzee. Mti huo ulipandwa na marehemu baba yake. Sasa umeinamia paa la jiko, na ardhi upande wa mizizi imeanza kupasuka. Fundi aliyeletwa kuutazama alisema ukatwe kabla ya mvua kubwa, la sivyo utakuja kulala na wapishi.

Mama yake Mshenga, ambaye mtaa mzima humwita Bibi, alikubali ukatwe kwa sharti moja. Kwanza wapate mbegu yake.

"Mume wangu aliniachia vitu viwili, mti huu na huyu," anasema Bibi, akimnyooshea kidole bintiye. "Huyu anatoka asubuhi anarudi jioni. Mti haujawahi kuniaga."

Tatizo ni kwamba mti ulikuwa hauzai tena. Majirani walishakata michikichi yao, kwa hiyo maua dume yalikuwa yameadimika, na mashada yaliyotoka yalikuwa matupu, makavu. Mshenga alilitazama ua jike la mwisho likichomoza juu kule, akaona hili linamhusu. Kama si mshenga wa mti wa baba yake, atakuwa mshenga wa nani?

Alipata ua dume kutoka kwenye mti ulio karibu na kwa Baba Ngazi. Akaikausha chavua dirishani juu ya gazeti. Siku yake ya mapumziko, ua jike likiwa tayari, akafungua lile kopo jipya la poda, akachota kwa kijiko, akakorogea kwenye kikombe. Baba Ngazi akaleta ngazi yake. Bibi akashikilia ngazi kwa chini, macho ameyafumba kwa woga.

"Nilishuka naimba," anakumbuka Mshenga. "Nilijiona nimefanya la maana kuliko yote niliyowahi kufanya kwa mshahara."

Jioni hiyo alimwogesha mjukuu, akamlaza juu ya khanga, akafungua kopo ampake poda.

Kopo lilinukia shamari.

"Mtoto yuko chali, anarusha miguu, ananisubiri. Mimi nimeshika kopo, nimeganda. Poda safi hainukii shamari. Hainukii hata chembe."

Asubuhi hakuweza kuitambua harufu hiyo, kwa sababu chavua ya kwa Baba Ngazi ilikuwa imemjaa vidoleni na puani. Sasa alijiuliza maswali mawili, na mpaka leo anajiuliza hayo hayo. Je, poda ilianza kunukia baada ya yeye kurudishia koponi mchanganyiko uliobaki kwenye kikombe? Au kopo lilikuwa linanukia tangu kituoni, kwa kuwa ni moja ya yale ya maabara lililodondosha utepe wake?

"Nakumbuka kijiko," anasema. "Kilichofuata baada ya kijiko sikikumbuki. Nimejikamua akili mpaka kichwa kinauma."

Bibi anaapa alimwona akirudishia. Lakini Bibi huyo huyo ndiye aliyekuwa amefumba macho.

Mshenga alilifunga kopo, akalificha juu ya kabati, na hakumwambia mtu. Hilo halipambi kwa maneno. Aliogopa. Aliogopa kufukuzwa, aliogopa banda kufungwa na wenzake wakaachwa bila kazi, na aliogopa kumwambia mama yake kwamba shada la mwisho la mti wa mumewe huenda si mali yao.

Shada nalo likawa halina habari na hofu zake. Lilinenepa. Liliiva kwa rangi, kwanza jeusi, kisha jekundu kwa pembeni, likajaa kuliko shada lolote ambalo mti huo ulishazaa. Majirani walikuja kulitazama. Bibi alitembea kifua mbele akisema huo ni mkono wa binti yake.

"Kila asubuhi nilikuwa nainua macho juu kabla sijanawa uso," anasema Mshenga. "Wenzangu wanaomba matunda yaive. Mimi nililiombea lioze. Mti wa baba yangu mzazi, nauombea shada lioze."

Anajifuta pua kwa mkono wa ovaroli. Mwandishi anajifanya anaandika.

Kilichomvunja ukimya ni jirani mmoja aliyefika na mfuko wake mkononi. Bibi alikuwa amemwahidi mbegu. Alikuwa amewaahidi watu mtaa mzima, kumbe, kila mtu na mti wake, ili marehemu awe na kivuli kila nyumba. Mshenga alimwambia jirani arudi wiki ijayo. Asubuhi iliyofuata aliliviringisha kopo kwa mifuko ya plastiki, mmoja juu ya mwingine, akaenda nalo moja kwa moja ofisini kwa Daktari.

Daktari hakufoka.

"Afadhali angefoka," anasema Mshenga. "Alikaa chini. Akaniuliza, 'Mama, nani mwingine anajua?' Nikamwambia hakuna. Akainuka, akasema, 'Basi twende tukalivike.'"

Hivyo Mshenga alipanda ngazi na kulivika mfuko mweupe wa kituo shada la mti wa baba yake, na Baba Ngazi akalikata na kuliteremsha kwa kamba. Bibi alisimama amekunja mikono.

"Gari zima kwa shada moja?" aliuliza. "Nyie hamna kazi."

Lilipofika chini, Daktari aliona pengo upande wa juu, sehemu inayoiva kwanza. Matunda kadhaa hayakuwepo. Akauliza. Bibi akajibu neno moja tu: "Ndege." Na kweli, ndege wanayapenda machikichi. Wakafagia chini ya mti, wakaokota kila tunda walilolikuta, wakaondoka.

Tangu siku hiyo uchavushaji wote umesimama. Mshenga ameruhusiwa kuvika maua mifuko lakini haruhusiwi kushika kichupa. Kwenye sakafu ya stoo ulikutwa utepe mmoja mwekundu uliokauka gundi, lakini hilo nalo halijamaliza ubishi, kwa kuwa tepe kuukuu hudondoka humo kila siku. Baadhi ya wenzake wanampita kama nguzo ya umeme.

"Siwalaumu," anasema. "Nao wana watoto."

Baba Ngazi bado anakaa naye wakati wa chai. Alipoulizwa kwa nini, alisema, "Ngazi ilikuwa yangu. Kama ni jela, tutapelekwa wawili."

Mbegu za shada lile ziko maabara. Zinapimwa moja moja, kwa sababu kama chavua ilikuwa ya banda, mbegu nyingine zitakuwa na vinasaba hivyo na nyingine hazitakuwa navyo. Mbegu moja safi haimtoi mwenzake hatiani. Mti wenyewe hauna tatizo, Daktari anasisitiza, maana chavua huishia kwenye mbegu. Lakini mbegu ndiyo Bibi aliyoitaka.

"Wanaotusimamia wana haki ya kulifunga banda hili tukikutwa tumezembea," anasema Daktari. "Mimi pia naogopa, sitakudanganya."

Alimkasirikia Mshenga?

"Nilikasirika sana. Halafu nikakumbuka kwamba kopo lilikuwa kwake, chooni ni hatua chache, na hakulitupa." Anaitazama simu yake juu ya meza, kama anavyofanya kila baada ya sentensi mbili. "Angelitupa, mimi na wewe tusingekuwa tunaongea. Tungekuwa tunalala vizuri, na tusingejua."

Jumamosi mchana mwandishi alimtembelea Mshenga nyumbani. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na fundi wa kukata mti alikuwa ameshapita kupima kamba zake. Mshenga alikuwa jikoni anaosha vyombo. Mjukuu alikuwa amekaa kwenye mkeka, anatafuna kifuniko cha plastiki kwa bidii zote.

Bibi alitoka na kikombe cha maji, akazunguka nyuma ya jiko, akainama mbele ya sufuria kuukuu iliyotoboka kitako. Ndani yake mlikuwa na udongo, basi. Hakukuwa na jani wala kijiti. Alimwagilia taratibu, akizungusha kikombe ili maji yafike kila upande, kisha akausawazisha udongo kwa kiganja.

Mwandishi, kwa kutaka kuanzisha mazungumzo tu, akauliza, "Bibi, hapo umepanda nini?"

Mlio wa vyombo jikoni ukakoma.

"Mama," Mshenga aliita kutoka ndani. "Kwenye hiyo sufuria kuna nini?"

"Udongo."

"Na ndani ya udongo?"

"We binti una maswali kama polisi."

Mshenga akatoka, mikono imejaa povu. Aliitazama sufuria, akamtazama mama yake, akaitazama tena sufuria.

"Ulisema ndege, Mama."

"Na ndege walikula, hilo sikudanganya. Yalidondoka machache kabla hamjaja na gari lenu. Moja nililikuta hapa mlangoni, limeiva, jekundu. Ningeliacha likanyagwe?"

"Ukalipanda."

"Nikalipanda."

"La nani hilo, Mama? Umemwahidi nani?"

Bibi alielekeza kidevu kwenye mkeka. "La yule."

Mshenga alikaa kizingitini. Povu lilimkaukia mikononi. Mwandishi alijuta kuuliza, na anajuta mpaka anapoandika maneno haya. Lilikuwa swali la kupoteza muda tu, na lilikuwa limeikuta nyumba nzima haijajiandaa.

"Utanifukuzisha kazi, Mama," alisema Mshenga kwa sauti ya chini. "Utatufukuzisha wote. Watu walishafagia hapa, wakaniamini."

"Mwanangu, mti ukikatwa nitamwonyesha nini huyu mtoto?" alisema Bibi. Sauti yake ilikuwa imepoteza ule ukali. "Nimwonyeshe shimo? Nimwambie babu yake alipita hapa, tazama shimo?"

Mtoto alidondosha kifuniko, akakitazama, akalia.

Mshenga alimtazama mwandishi. Hakuna aliyehitaji kulitamka lililokuwepo. Sufuria ilikuwa nyuma ya jiko, watu waliokuwa wanaijua ni watatu, na mmoja wao alikuwa wa gazeti.

"Andika," alisema hatimaye. "Nilishanyamaza mara moja, naijua inavyomla mtu. Na wewe Mama usiniangalie hivyo."

Alimbeba mtoto, akampa Bibi. Akaosha mikono. Akaingia chumbani na kutoka na kipande cha chandarua kilichochanika, akakikunja mara mbili, akaifunika sufuria. Alivua mpira aliofungia nywele, akauzungusha chini ya ukingo wa sufuria na kuukaza. Haukumponyoka. Mikono ilikuwa imetulia kabisa, na pengine yeye mwenyewe hakugundua.

Kisha akampigia simu Daktari, akaiweka sauti ya juu ili Bibi asikie.

Alieleza yote bila kupamba. Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa.

"Usiifukue, mama," Daktari alisema mwishowe. "Ukiifukua itakufa, na hatutajua lolote. Ilete ilivyo. Itakaa ndani ya nyavu mpaka itoe jani. Tutakata kipande cha jani, tupime."

"Itachukua muda gani?"

"Mbegu ya mchikichi ni mvivu, unajua kuliko mimi. Inaweza kuwa miezi. Inaweza isiote kabisa."

"Na ikiota, ikawa safi?"

"Ikiwa safi ni ya mtoto."

"Na isipokuwa safi?"

"Tutaichoma," alisema Daktari. "Na nitakuja mwenyewe kumwambia Bibi. Sitakutuma wewe."

Bibi alimpokonya bintiye simu. "We Daktari," alisema, "uje umeshiba. Kwangu hutapewa chakula siku hiyo." Akarudisha simu, akaenda kukaa chini ya mti wake mpaka jua lilipopungua makali.

Jumatatu asubuhi sufuria ilikuwa kizingitini, imevalishwa chandarua chake. Majibu ya mbegu za shada yalikuwa hayajatoka. Mshenga hakujua kama anakwenda kazini au anakwenda kuaga, na alivaa khanga yake nzuri kwa yote mawili.

Alipoulizwa anatumaini nini, hakufikiri sana. Anataka kurudishiwa kichupa chake. Anataka wenzake wamsalimie. Na kama sufuria itarudi, ameshachagua mahali pa kuupanda mche, kule upande wa barabara.

"Mbali na jiko," alisema. "Na siku ukichanua, naapa sitaugusa. Nitawaachia wadudu kazi yao."

Aliinama akaikumbatia sufuria kwa mikono miwili. Kabla hajafika barabarani, Bibi alimwita asimame. Alikuja polepole na kikombe chake, akainua kona ya chandarua kwa kidole kimoja, akamwagilia udongo ule usio na kitu, akizungusha kikombe ili maji yafike kila upande. Kisha akaishusha kona na kuikandamiza vizuri ndani ya mpira.

"Waambie hii inakunywa kila asubuhi," alisema. "Wasije wakaniulia wakati wanasubiri majibu."